Pasi ya Baridi

Chumba cha Mama Nyoosha kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa tatu, na mvuke ulikuwa umekikalia kama mpangaji wa siku nyingi. Ukiingia kutoka juani ilikubidi usimame kwanza, macho yazoee. Ndipo nguo zilipoanza kujitokeza moja moja: mashati, magauni, makoti, yametundikwa kwenye bomba refu la chuma, yanayumba polepole kwa upepo wa feni, watu wasio na vichwa wala haraka. Kwenye kona kulikuwa na meza ya pasi, na nyuma ya meza mwenyewe dobi, mwanamke mfupi aliyekaribia miaka sitini, mikono imejaa alama ndogondogo za kuungua.

Jina la Nyoosha alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna kilichopinda kilichotoka mlangoni mwake kikiwa bado kimepinda. Watani wake walidai hata marehemu mumewe alioa akiwa na kibyongo, akazikwa amenyooka kama rula. Mama Nyoosha aliusikia utani huo mara elfu na kila mara alicheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo.

Kupiga pasi ni kazi ya mikono, kichwa hakina la kufanya. Kwa hiyo kichwa chake kilizurura. Alimwona bwana mwenye shati la bluu akilivaa kwenda kuposa, akakataliwa, akarudi nalo limelowa mvua. Aliliona koti la mwalimu likifundisha peke yake mbele ya darasa tupu. Ndoto hizo za macho wazi hakuzitafuta wala hakuzifukuza, zilikuja na mvuke zikaondoka na mvuke. Miaka thelathini na tano aliifurahia starehe hiyo isiyo na gharama, na hakujua kwamba mlango unaoingiza wageni wema hauna bawabu.

Binti yake aliishi ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Mume wa binti alifanya kazi mbali, akirudi kila baada ya miezi mitatu. Binti alipojifungua mtoto wa kike, Mama Nyoosha alipanda ngazi zile akiimba kwa sauti. "Mke mwenzangu," alikiambia kile kitoto kilichofumba macho, "umechelewa kuolewa. Mume wetu alishatangulia, sasa tutagombania nini?"

Mtoto alipotimiza wiki tano, binti alimteremsha mchana mmoja, akamlaza kwenye kapu la shuka safi, akatoka kwenda dukani. Mama Nyoosha alikuwa na pasi mkononi. Mtoto akapiga miayo. Na hapo, katikati ya utamu wote wa dunia, wazo likaingia likiwa na sauti yake mwenyewe, taratibu, kama anayeuliza saa: Na ukimwekea usoni?

Akauona mkono wake ukifanya. Haukufanya, ulikuwa palepale juu ya kola ya shati, lakini aliuona. Alichomoa waya ukutani, akatoka nje, akasimama juani akichungulia ndani kwa jicho moja mpaka binti aliporudi.

"Mama, mbona uko nje?"

"Joto tu, mwanangu."

Tangu siku hiyo lile wazo lilikuja kila alipomwona mtoto, mwishoni hata alipomsikia akilia juu. Alilikemea. Aliliombea dua. Aliimba ili lisipate nafasi, nalo likamsubiri amalize wimbo. Wapo watakaosema, si angeacha tu kuliwaza! Hao nawaomba wakae dakika moja bila kuwaza pua zao, kisha waje tuzungumze. Kadiri alivyolisukuma ndivyo lilivyorudi na nguvu, na usiku alijiuliza swali lililomtesa kuliko wazo lenyewe: mtu anayewaza hivi ni mtu gani? Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye maisha yake yote nguo ndiyo kazi yake. Alijichunguza mshono kwa mshono akimtafuta muuaji.

Basi akaanza kukwepa. Leo mikono ina sabuni, kesho ana mafua, keshokutwa kiuno. Mkasi akaufungia kabatini, ufunguo akampa jirani bila kueleza. "Mke mwenzangu" hakumwita tena. Binti alikuja akaondoka, alikuja akaondoka, na uso wake ukazidi kukunjamana.

Kazi iliendelea. Nguo za binti nazo zilishuka kila wiki kwenye mfuko wake, na Mama Nyoosha akazifua akinung'unika, kwa sababu kila blauzi na kila gauni lilikuwa na chokaa kwenye bega la kulia. "Mtu mzima anajisugua ukutani kama mbuzi," alisema peke yake, akaloweka, akasuuza, akasahau.

Mtoto alipokaribia miezi mitatu, binti alisimama mlangoni. "Mama, Jumatatu ijayo likizo yangu inaisha. Mtoto atashinda na wewe, kama tulivyopanga?"

Mama Nyoosha hakuinua macho. "Tafuta mtu mwingine."

"Mtu gani mwingine, mama?"

"Mtu yeyote. Mimi nimezeeka."

Pasi ikaanza kutoa harufu ya kitambaa kinachoungua. "Humpendi," binti alisema. "Nilikuwa najidanganya kumbe. Humpendi mwanangu." Ikaamuliwa hapo hapo, kwa hasira, kwamba mtoto atapelekwa kwa mama mkwe, mwendo wa saa saba kwa basi, na mama yake atamwona mwisho wa mwezi. Ilimuuma Mama Nyoosha kama jino, lakini akajiambia afadhali mtoto awe mbali na hai.

Ijumaa binti alikwenda kukata tiketi. Hakuomba. Alimlaza mtoto aliyesinzia kapuni, akasema, "Nusu saa tu, hata ukimwangalia kwa mbali," akaondoka.

Mchana ule ulikuwa wa ajabu. Feni ilizunguka, nguo ziliyumba, mwanga ulipita kwenye mvuke ukawa mzito kama maziwa. Mama Nyoosha alivuta gauni jeupe la nesi aliyeishi nyumba ya pili, akaanza kazi. Pasi ilikwenda na kurudi. Alipita mikononi, akapita mgongoni, akageuza, na kichwa chake kikaelea mbali kwenye mto mweupe ambapo shuka zote alizowahi kufua zilikuwa zikiogelea zenyewe. Mtoto alipumua. Hakuna lililokuja kumuuliza kitu. Alipiga pasi gauni lile muda mrefu kuliko gauni lolote maishani mwake.

"Mama Nyoosha," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa nesi mwenyewe, amefuata gauni la zamu ya jioni. Alilipokea, akalitazama, akalinyanyua kwenye mwanga. Lilikuwa na makunyanzi yote liliyoletwa nayo. "Mama, hili bado."

"Nimelipiga sasa hivi."

Nesi akaigusa pasi kwa ncha ya kidole, kwa woga, kisha kwa kiganja kizima. Akaufuata waya kwa macho mpaka chini sakafuni, ambako ulilala umejikunja. "Pasi ni ya baridi! Mama, unatwanga maji kwenye kinu?"

Alikuwa anacheka, mpaka alipomwona mwenzake hacheki. Mama Nyoosha alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamdondoka juu ya kitambaa. "Siwezi kuiwasha mtoto akiwa humu," alisema.

"Kwa nini?"

"Usiniulize."

"Mficha maradhi, mama, unajua mwisho wake. Niambie."

Akamwambia. Alimwambia akitazama ukuta, neno moja moja, na alipofika kwenye neno lenyewe akalionyesha kwa mkono. Kisha akangoja nesi aende kapuni, amchukue mtoto, akimbie.

Nesi alivuta stuli akaketi. "Una raha ukiliwaza?"

"Raha? Natamani kufa!"

"Umewahi kutaka kumuumiza? Kwa hasira, kwa chuki?"

"Mimi? Yule mtoto?" Mama Nyoosha aligeuka na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Basi nisikilize. Kliniki kwetu huwa naambiwa mambo haya mara nyingi kuliko unavyodhani, na wote hunong'ona kama wewe. Kichwa kinatupa taka zake, na zinanasa pale unapopenda sana. Ungekuwa humjali yule mtoto, wazo lingepita usilione." Akaigonga pasi kwa kidole. "Na jambo jingine. Mtu anayetaka kudhuru hapigi pasi ya baridi."

Mama Nyoosha akaigusa pasi naye, kwa kiganja.

"Likija, nifanye nini?"

"Usibishane nalo, usilifukuze. Lije, likae, wewe endelea na kazi. Na usimkimbie mtoto, maana ukikimbia linaamini limeshinda. Halitaisha kesho. Jumatano njoo, yuko mwenzangu anayeshughulika na haya, uzungumze naye vizuri." Alikunja gauni lake. "Hili nitalivaa hivi hivi. Wagonjwa watanihurumia."

Jumamosi Mama Nyoosha aliketi mbele ya karai bila kufua. Alimkumbuka shangazi yake aliyemfundisha udobi alipokuwa msichana. Siku moja yule msichana aliletewa kitambaa cha hariri, akaona juu yake kivuli cha kijivu, akadhani ni doa. Akasugua kwa sabuni, kwa limau, kwa kidole, kwa jiwe, asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka kidole kikatokea upande wa pili. Shangazi alikichukua kitambaa, akakiinua juani. Kivuli kilikuwa namna nyuzi zilivyopishana kiwandani, hapakuwa na doa. "Kitambaa hakikuwa na kosa," shangazi alisema bila kumgombeza, "tundu umelitoboa wewe." Alizikumbuka nyuzi zile zilizochakaa kidoleni, akalia, safari hii bila hofu.

Jumapili asubuhi binti alishuka na mfuko wa safari begani na mtoto kifuani. Basi lilikuwa la saa nne, naye angerudi na la usiku awahi kazini. Alivaa gauni jeusi. "Tumekuja kuaga," alisema, na hakuingia ndani.

"Ingia. Keti." Mama Nyoosha alisema kwa sauti ya zamani, ile isiyobishiwa, na binti akaketi. "Umesema simpendi. Nitakwambia sababu, na ukishasikia, ukitaka kuondoka ondoka." Akamweleza, kuanzia kapu la shuka mpaka pasi ya baridi. Hakutazama ukuta. Alimtazama mwanawe usoni.

Binti alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, na moyo wa mama yake ukashuka mpaka kwenye nyayo. Feni ilizunguka. Makoti yaligeuka upande mmoja, yakarudi.

"Mama," binti alisema mwishowe, polepole sana, "mimi ni ngazi."

"Nini?"

"Mimi yangu ni ngazi. Kila nikishuka naye naiona mikono yangu inamwachia. Pale ghorofa ya pili, kwenye kona. Namwona anakwenda. Toka azaliwe. Ndiyo maana nashuka nimejibana ukutani, hatua moja moja, kama kipofu. Nilidhani nina wazimu. Nilitaka akae kwako mchana kutwa, angalau awe na mtu mwenye akili timamu."

Mama Nyoosha alilitazama bega la kulia la gauni jeusi. Chokaa ilikuwa imelipaka kuanzia shingoni mpaka kwenye kiwiko. Miezi mitatu alikuwa ameifua chokaa ile kwa mikono yake miwili, yeye anayejua mvinyo na wino na damu kwa kunusa, na hakuuliza hata siku moja. Alijisikia aibu, na chini ya aibu huruma kubwa, na chini kabisa, Mungu amsamehe, kicheko.

"Mwanangu," alisema, "mwenye akili timamu hayumo humu ndani."

Binti akaanza kucheka kabla hajamaliza kulia. Walicheka wote wawili mpaka mtoto akashtuka, akawatazama kwa zamu. Mama Nyoosha akaipangusa chokaa begani kwa kiganja, ingawa anajua chokaa haitoki kwa kupanguswa. "Jumatano tunakwenda kliniki," alisema. "Wote. Na ngazi nitakuwa nashuka mbele yako."

Binti aliitoa tiketi mfukoni, akaitazama, akaiweka juu ya meza. Kisha akafungua mfuko wa safari, akachimbua chini ya nguo za mtoto, akatoa blauzi yake ya kazini. Akamlaza mtoto kwenye kapu la shuka, pale pale pa siku zote. Akaokota waya sakafuni, akauchomeka ukutani, taa nyekundu ya pasi ikawaka.

"Kesho naingia kazini," alisema. "Nipigie pasi."

Kisha akaegemea kizingiti, akawapa mgongo, akitazama barabara.

Mama Nyoosha alitandaza blauzi. Maji ya kunyunyizia yalichirizika, mvuke wa kwanza ukapanda. Mtoto alijinyoosha kapuni, akapiga miayo. Na lile likaja, bila shaka, kwa sauti ileile. Hakulijibu. Aliliacha lining'inie pale kwenye bomba kati ya makoti, nguo isiyo na mwenyewe, na yeye akaendelea na kola. Mkono ulitetemeka kwenye kola, ukatetemeka kwenye mkono wa kushoto wa blauzi, kwenye mgongo ukatulia kidogo. "Mke mwenzangu," alinong'ona, "hujalala tu?"

Alipomaliza aliinua blauzi kwa mabega yake mawili. Binti akaja, akaipokea, akaiweka shavuni, akafumba macho.

"Ya moto," alisema.