Mkate wa Kwanza wa Tanuu

Nilipokuwa mtoto, kwa muda wa karibu mwaka mzima, niliamini kwamba nimemuua baba yangu kwa kula mkate. Leo nina wajukuu na ninaweza kulisema hilo huku nacheka, lakini wakati ule sikuwa na la kucheka.

Tulikuwa tukikaa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba ya Bibi, mzaa baba. Vita vya Wajerumani vilikuwa vimefika, na wanaume walikuwa wakichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya askari. Baba alichukuliwa asubuhi moja, hata kanzu yake ya Ijumaa bado haijakauka kambani. Mama aliikunja vivyo hivyo na unyevu wake, akaitia sandukuni, kisha akakaa chini. Alikaa hivyo siku nyingi. Hakula ila kwa kulazimishwa, na ukimwita aliitika kama mtu aliye chumba cha pili.

Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alichukua fungu la miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, akamwekea Mama mapajani.

“Shika, mwanangu,” alisema. “Lia ukitaka, lakini ukili wangu usiende upande.”

Ukili wa kwanza, ule ukanda unaosukwa kwa miyaa na kushonwa kuwa mkeka, ulikwenda upande kweli. Bibi aliufumua wote, akamrudishia. Wa pili pia. Nakumbuka alasiri ambayo Mama aliona kosa lake mwenyewe, akafumua mwenyewe, akaguna, “Mkono gani huu.” Bibi alinitazama, akanikonyeza. Hapo nilijua kwamba Mama amerudi, na hadi leo nikiona mwanamke kainamia ukili wake simkatizi kwa mazungumzo.

Kazi ya pili ilikuwa mikate ya mofa. Kila Alhamisi Bibi alikanda unga wa mtama uliolala na chachu, akawasha tanuu la udongo uani, na moto ukishatulia alijifunga kitambaa kibichi mkononi, akaibandika mikate kwenye kuta za ndani mmoja mmoja. Mama alikaa kando akisuka, mimi nikichochea kuni ambazo sikuambiwa nizichochee. Harufu ile ikipanda, nyumba nzima ilitulia. Mwaka ule nilinyweshwa dawa nyingi, za mizizi na za kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji yakanywewa, na hakuna iliyonifaa kama ile harufu.

Lakini mofa ya Bibi ilikuwa na mwiko wake. Mkate wa kwanza kutoka tanuuni ulikuwa wa Baba. Haukuwekwa, alipewa mpita njia wa kwanza aliyefika mlangoni, awe nani awe nani. Bibi alisema ukimlisha mgeni wako hapa, na huko aliko msafiri wako kuna mtu atanyoosha mkono amlishe.

“Na akiula mtu wa nyumba hii?” niliuliza.

“Baba yako atalala na njaa,” alijibu, kwa sauti ile ile aliyotumia kunituma nikanawe miguu.

Mara nyingi mpita njia huyo alikuwa Kadzo, nami nikimwita Mama Kadzo, Mgiriama aliyetuletea miyaa kutoka upande wa Magarini. Alitembea tangu alfajiri, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Mumewe, Karisa, alikuwa amechukuliwa mwezi ule ule aliochukuliwa Baba. Akipewa mkate alishukuru kwa mikono miwili, akakaa dakani, pale barazani mbele ya mlango, akamega nusu na kumtafunia mtoto wake kwanza.

Mwaka wa pili mvua ikatunyima. Alhamisi moja Bibi alifuta mtungi wa unga kwa kiganja, ikatoka mikate minne tu. Nilipewa wa kwanza ndani ya jani la mgomba, nisimame nao mlangoni. Tangu jana yake nilikuwa na uji mwepesi tu tumboni. Nikasimama. Nikaunusa. Nikajiambia nitamega pembe moja tu; mkate wa mviringo hauna pembe, lakini mimi nilizipata zote nne, na katikati pia. Nilikuwa nikilitupa jani Kadzo alipotokeza kwenye kona.

“Hodi, mwanangu. Hamjambo?”

“Hatujambo, Mama Kadzo. Shikamoo.” Na kabla hajauliza lolote nikaongeza, “Mkate ushatolewa. Amepita mzee mmoja.”

Alinitazama kidogo. “Haya,” alisema. “Nisalimie bibi yako.”

Aliomba maji, akanywa, akamnywesha mtoto. Aliweka miyaa yake dakani, akajifunga leso upya, akashika njia ya kurudi. Ndani, Bibi aliniuliza kama mkate umepata mtu, nikasema ndiyo, naye akamshukuru Mungu. Shukrani ile ilinichoma kuliko fimbo.

Tangu siku hiyo nilimwona Baba ameanguka porini, mahali nisipopajua, na mzigo wa askari umemlalia. Sikumwambia mtu. Mimi niliyekuwa nikikimbia miyaa kama dawa ya minyoo, nikaenda mwenyewe kukaa kando ya Mama na kuanza kusuka. Mama alidhani nimekua. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nikihesabu miyaa nisikosee, sikuweza kumwona Baba amelala chini. Nikiiweka tu, nilimwona tena. Basi nilisuka mpaka kidole gumba kikatoka damu, na ndivyo nilivyoijua kazi ninayoifanya mpaka leo.

Baba alirudi. Aliingia mchana mmoja, mifupa mitupu, miguu imevimba, akakaa kizingitini kwa kuwa hakuweza kuufikia mkeka. Mama aliangua kilio, Bibi akawasha tanuu. Mimi nilijificha nyuma ya mlango siku mbili. Siku ya tatu nikamfuata.

“Baba, kuna siku ulilala na njaa?”

Alicheka mpaka akakohoa. “Niulize ni siku gani nililala nimeshiba. Mara moja mama mmoja, hata lugha yake siijui, alinipa muhogo wa kuchoma njiani. Huo naukumbuka.”

Nilianza kulia, nikamwambia yote. Hakunikaripia. Aliuliza tu, “Siku ile nani alifika mlangoni?”

“Mama Kadzo.”

“Basi mkate haukuwa wangu, mwanangu. Ulikuwa wake.”

Mwaka mzima nilikuwa nimemlilia mtu wa mbali, na sikuwa nimemfikiria hata mara moja yule aliyeondoka mlangoni petu na mtoto mgongoni. Alhamisi iliyofuata mikate ya tanuu zima ikatiwa kapuni, na mimi na Mama tukaenda Magarini kwa miguu.

Tulimkuta Kadzo akisonga sima. Nilisimama mbele yake, nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka yamepinda.

“Nalikuona,” alisema, mwiko bado mkononi. “Makombo yalikuwa hapa kidevuni.”

“Mbona hukumwambia Bibi?”

“Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wake ana njaa? Alijua.”

Aliipokea mikate, akamshukuru Mama kwa mikono miwili kama kawaida yake. Kisha akachota sima ya kwanza chunguni, akaitia kwenye kifuu, akaniwekea mbele.

“Hili ni fungu la Karisa,” alisema. “Naliiga kwa bibi yako. Leo mmepita nyinyi.”

Nilimtazama Mama. “Kula,” alisema Mama. Nikala fungu la mume wa watu, lote, huku machozi yananishuka.

Karisa hakurudi. Kama mwiko wa Bibi ungekuwa na nguvu niliyoidhania, angemtangulia Baba kufika, maana mkewe alitoa palipokuwa hapana kitu, na aliendelea kutoa miaka mingi baada ya watu kumwambia asimngoje. Nimelifikiri sana hilo. Baba niliishi naye mpaka nikaolewa, na Mungu namshukuru kwa hilo kila siku. Lakini nikiinua mikono kuwaombea waliotangulia, jina la kwanza ninalolitaja ni la Karisa, mtu ambaye sikuwahi kumwona. Sijamwuliza shehe kama inafaa, na sina nia ya kumwuliza.