Kikohozi cha Ngazini

Waliokuwepo alasiri ile sebuleni kwetu Malindi ni mimi. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho, aliyesomea Uturuki. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Na baadaye Mturuki mpangaji wetu wa chumba cha juu. Majina yao yote nnayo kichwani, na ya baba zao, lakini mjukuu wangu kanikataza kuyaandika, na kwa hili nimemsikiliza.

Mpangaji huyo tuliletewa na mtoto wa kaka yake, kijana aliyesoma na mjukuu wangu. Kijana mwenyewe baadaye alikimbia kwao kwa mambo ya siasa, akenda Ulaya kuomba hifadhi. Huko akapelekewa sauti ya Kituruki ya kumtisha kwa simu, na mtu asiyejitaja. Wakili wake akataka maneno yale yatiwe Kiingereza ayasome hakimu, na kijana akamuomba mjukuu wangu. Hakimu akiona hatari ni ya kweli, kijana atabaki. Akiona ni ugomvi tu wa watu, atarudishwa.

Basi mjukuu wangu kaiweka simu mezani, mimi nachambua mchele. Sauti ile ikaanza kwa kikohozi. Mimi na wifi yangu tukavuta kanga vichwani, tukatazama ngazi. Hakushuka mtu.

"Uzee huu," wifi yangu akacheka. "Tunajitanda kwa ajili ya simu!"

Ndiyo desturi ya nyumba yetu: mwanamume akipita ngazini, akohoe kwanza, wanawake wajisitiri. Hata Mturuki tulimfundisha siku aliyohamia.

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kitambaa. Katikati nikasikia neno ninalolijua.

"We! Huyo kasema haini?"

"Ndiyo, bibi. Haini wa nchi. Wanalo kama sisi."

Nikainuka nikafunga dirisha. Kwa tuliokulia mji huu enzi za watu kukamatwa usiku, neno hilo halisemwi dirisha wazi.

"Funga na la jikoni," wifi yangu akasema, "paka wasije wakatushitaki."

Mara ngazini kikohozi. Kimoja, kikavu, halafu pumzi ya puani, kama mtu anayenusa kitu kinaungua. Tukajitanda. Safari hii mtu alishuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akakaa bila kukaribishwa, akamgeukia mjukuu wangu. "Usiandike haini, mwanangu. Kwa Kiingereza neno hilo kali sana. Hakimu atadhani mtoto wetu kauza nchi kweli. Andika mpinzani. Wapinzani wako kila nchi."

Yalikuwa maneno ya huruma. Mjukuu wangu akaanza kusita, kalamu ikamsimama mkononi. Lakini mimi mchele ulinishinda kuchambua. Mpinzani tu, hakimu si atamrudisha? Na nani kamwambia neno hilo limo? Labda kalisikia huko juu, sakafu yetu mbao. Labda. Na kile kikohozi?

"Iweke tena, mama," nikamwambia mjukuu wangu. "Tangu mwanzo."

Mturuki akasimama. "Mimi sina haja ya kusikia mambo hayo," akasema, akapanda juu kwa haraka.

Tukaisikiliza bila yeye. Kikohozi kimoja, kikavu. Halafu pumzi ya puani. Wifi yangu safari hii hakucheka.

Mjukuu wangu akampigia kijana, akamwambia tulichokisikia. Kijana akasema, "Peleka neno kama lilivyo." Likapelekwa, haini, zima zima. Kijana yuko Ulaya mpaka leo.

Wiki ile ile ami yake, Mturuki wetu wa juu, akahama. Alishuka na mabegi yake bila kukohoa, akatukuta vichwa wazi.

Wifi yangu sasa anasema wanaume wengi hukohoa hivyo. Nami kumsingizia mtu sitaki. Basi mliokuwepo, na hata wewe uliyekaa juu kwetu, kama haya yatakufikia: ikiwa nimekumbuka vibaya, ikiwa kikohozi kile si chako, njoo unirekebishe. Lakini ukifika ngazini, kohoa kwanza.