Kamba Iliyorudi Bila Mbuzi

Niliondoka Busunzu Jumamosi asubuhi kwa sababu wadogo zangu walikuwa wamenichosha. Walijenga banda, wakakata majani mpaka yakanyauka, na kila siku swali ni lile lile: "Dada, mbuzi wa mama anakuja lini?" Marehemu mama alituachia mbuzi mmoja tu, naye alikuwa Kasulu kwa rafiki wa mama, Mama Jeni. Kwetu tunaita kuragiza: unampa mtu mnyama akutunzie, na mtoto wa kwanza anakuwa wake.

Saa tano nilikuwa nimefika kwa Mama Jeni. Mbuzi alikuwa amezaa. Mtoto hakuwa hata na mwezi.

"Mtoto ni wangu, mama yake ni wenu," alisema. "Ila subiri amwachishe ziwa kwanza, mwanangu."

"Nina gari la saa nane, mama. Huyo mtoto mpe maziwa ya ng'ombe."

Hakubishana. Alinipa kamba.

Njiani kwenda stendi yule mbuzi alinitesa. Mara alale chini, mara anizungushie kamba miguuni. Nilivuta, nikasukuma, nikamtukana kwa Kiswahili na kwa Kiha. Yeye analia tu. Stendi konda akacheka: "Dada, umemteka huyo?" Nilipogeuka nimjibu, kamba ikanichomoka. Mbuzi huyo, mbio, alikotoka!

Saa nane gari liliondoka bila mimi. Nilirudi kwa Mama Jeni, nikamkuta mbuzi uani ananyonyesha, kamba bado shingoni, wala hakunitazama. Nilikaa chini kwa hasira.

"Mvute tena basi," alisema Mama Jeni. "Baada ya msiba mjomba wako si alikuleta hapa Kasulu usome? Ulikaa siku ngapi?"

"Nne."

"Ulifukuzwa?"

"Hapana. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado wa kubebwa mgongoni."

"Ukarudi na gari gani?"

"Kwa miguu."

Niliinuka, nikamfungua mbuzi kamba.

Jumapili mchana nilifika nyumbani. Walinikimbilia wote, wakaona kamba tupu.

"Yuko wapi?"

"Ananyonyesha. Tunasubiri."

Nilichojifunza ni kuuliza kwanza kama mnyama ana mtoto, ndipo nipande gari. Wao hawakujifunza lolote. Walinuna hadi jioni, na aliyenuna kuliko wote ni huyo wa mwisho, yule yule niliyemrudia kwa miguu.