Pia Yangu Ilikuwa Foleni

Vuuuu. Sauti ndogo, ya chini, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Pia nzuri ikishashika mwendo haipigi kelele. Inasimama wima mahali pamoja mpaka unadhani haizunguki kabisa, na sisi tulikuwa tunasema imelala. Ukitaka kujua kama bado iko hai, unainama na kutega sikio. Vuuuu.

Niliisikia tena juzijuzi Kariakoo. Nilikwenda kutafuta pazia, nikasimama kwa muuza feni mmoja kupisha mkokoteni. Akachomeka feni moja ya mezani kunivutia, ikaanza polepole, kisha ikakolea, na mimi nikaganda pale pale. "Mama, vipi, hujaipenda?" Nikamwambia nimeipenda sana. Sikununua feni wala pazia. Nilitoka nikatembea mpaka upande wa mtaa wetu wa zamani, nikawa natafuta nyumba ya Bibi kwa macho. Ghorofa. Ghorofa nyingine. Chini maduka ya viatu na vipodozi. Nikashindwa hata kukadiria ukumbi wetu ulianzia wapi, na hapo hasira ikanipanda.

Ndiyo, rafiki yangu, hasira. Najua ulitegemea niseme nililengwa na machozi kwa utamu wa utoto. Utamu ulikuwepo, sikatai. Lakini kilichonijia kwanza ni fainali moja ambayo mpaka leo sijaicheza.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na kwetu ilikuwa pia miaka ya foleni. Tulikaa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mimi na Bibi chumba cha mwisho karibu na uani. Asubuhi iliingia kwa sauti kabla ya mwanga: nyundo ya fundi bati aliyekaa barazani kwetu akitengeneza koroboi na ndoo, mchi wa jirani akitwanga mchele wa vitumbua, na Bibi akikohoa kidogo ili nijue ameamka na mimi niamke. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchota maji bombani na kuwasha jiko. Ukipita kwa jirani na kusikia harufu ya iliki, ujue sukari ipo. Ukisikia harufu ya bagia, ujue imeadimika. Hatukuhitaji redio kutuambia.

Na ukifika msimu wa pia, mtaa mzima uliingia wazimu. Wavulana walichonga pia kwa mti wa mpera, wakapigilia msumari chini, wakazungushia kamba ya katani. Wawili wanachora duara, wanarusha kwa pamoja. Pia itakayotoka nje ya duara au kufa mapema, mwenyewe kashindwa. Basi. Mchezo rahisi, lakini watu walinuniana wiki nzima kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa na pia yangu. Niliichonga kwa tendegu la kitanda cha zamani cha Bibi, kilichokuwa kimevunjika na kuegemezwa nyuma ya choo. Ilikuwa fupi, nono, haina sura. Ila ilikuwa inalala! Niliicheza peke yangu uani, kwa sababu wavulana hawakunitaka. Mkubwa wao tulimwita Nahodha, mtoto wa mwenye duka la jumla pembeni ya mtaa, watu wa Kilimanjaro. Pia yake ilichongwa kwa mashine ya seremala na kupakwa rangi nyekundu.

"We, kacheze rede na wenzio," aliniambia. "Pia si ya magauni."

"Unaogopa?"

"Nikuogope wewe? Kwenda huko!"

Lakini niliendelea kusimama pale kila siku, mpaka akachoka. Siku moja akasema kwa dharau, wenzake wakisikiliza: "Haya. Wewe si mjanja? Tutafutie uwanja wa sementi na kombe. Ukivileta, tunafanya ligi na wewe unaandikwa."

Hicho ndicho nilichokitaka duniani, wala usinicheke. Kuandikwa. Jina langu liwe ukutani pamoja na majina ya wachezaji.

Uwanja ulikuwa kwa jirani wa vitumbua. Uani kwake kulikuwa na sakafu ya sementi laini kuliko zote mtaani. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Utanitwangia mchele wiki mbili," akasema. "Na mkivunja chungu changu, nawavunja nyie." Nikatwanga. Viganja vikatoa malengelenge, nikavifunga vitambaa, nikatwanga.

Kombe nikamwomba fundi bati. Akakubali mara moja, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana fundi aliyekubali mara moja ndiye atakayekwambia njoo kesho. Nilikwenda kesho, na kesho yake, na ya tatu. Nikamfagilia baraza, nikamletea mkaa wa kuyeyushia risasi ya kuungia bati. Mwishowe akachukua kopo la mafuta ya kula, akalikata, akalitia mikono miwili kama masikio. Lilimeremeta! Nikalipeleka kwa Nahodha nikikimbia.

Akaligeuza, akasema, "Na refa?"

"Hukusema refa."

"Ligi gani haina refa?"

Nikarudi kwa fundi bati, akacheka mpaka nyundo ikamponyoka, akakubali kuwa refa. Nahodha akasema, "Na maji ya kunywa?" Nikaapa kuleta maji. Akanirudishia kombe. "Haya, andika." Nikachukua mkaa, nikaandika ukutani kwa jirani majina manane, mawili mawili, na la kwangu la nane. Chini yake nikaandika sheria moja kwa herufi kubwa: KILA MTU NA PIA YAKE. Niliiandika kwa makusudi, ili wavulana wasiazimane ile pia nyekundu ya mashine. Nilijiona nina akili kweli.

Wiki hiyo hiyo mama mdogo alijifungua, akaja kukaa kwetu na mtoto wake mchanga. Sukari ilikuwa imepotea siku nyingi. Alikunywa uji mweupe, anafumba macho, anameza, kisha anatutazama na kutabasamu ili Bibi asisikitike.

Jumamosi ya ligi ikafika. Nilidamka, nikafagia uani pale, nikamwaga maji, nikachora duara kwa chaki niliyookota darasani. Mchezo wa kwanza nilimtoa mtoto wa dereva wa lori. Pia yake iliigonga yangu, ikaruka yenyewe nje ya duara kama iliyokanyaga moto. Mchezo wa pili ulikuwa mgumu. Pia zote mbili zililala, uani pakawa kimya, fundi bati akapiga magoti na kutega sikio. Ya mwenzangu ikaanza kuyumba kama mlevi, ikaanguka. Yangu ikaendelea kuimba. "Fainali!" fundi bati akapaza sauti. "Mtoto wa kike na Nahodha!" Hata jirani aliacha kikaango akaja kutazama.

Tukashika kamba. Na hapo hapo, kutoka mtaani, mtu akapiga ukelele: "Sukariii! Duka la ushirika! Sukariii!"

Hebu fikiria mtaa mzima ukisimama kwa pamoja. Milango ikagongana, watu wakajifunga khanga huku wanakimbia, jirani akaipua kikaango na bagia hazijaiva. Wavulana wanne wakatoka mbio. Nahodha hakujitingisha, maana kwao walikuwepo kaka zake wa kwenda. Nami nikasikia sauti ya Bibi kutoka ukumbini kwetu.

"Bibi, bado fainali!"

"Fainali ya nini? Mama yako mdogo anakunywa uji kama dawa, unaniletea habari ya fainali? Miguu yangu unaijua. Shika kadi ya duka, nenda!"

Nikaifuata kadi, nikarudi uwanjani nikasimama, kadi mkono mmoja, pia mkono mwingine. Fundi bati akanihurumia. "Mlango wa duka haujafunguliwa," akasema. "Kaweke kitu chako foleni, urudi. Mimi nawazuia hawa. Kimbia!"

Wewe uliyekulia miaka ile unaijua kanuni. Kabla mlango haujafunguliwa, foleni haikuwa ya watu, ilikuwa ya vitu. Jiwe la fulani, kopo la fulani, kandambili moja, kifuniko cha sufuria. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na kiliheshimiwa. Nilipofika foleni ilikuwa imeshakata kona. Sikuwa na jiwe, na mawe ya karibu yote yalikuwa yameshachukuliwa. Nikainama, nikakiweka chini kitu nilichokuwa nacho, nikamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu.

"Shikamoo mama. Hiki ni mimi. Narudi sasa hivi."

"Marahaba. Wewe ndiye hiki?" Akacheka. "Haya, mwanangu, wahi."

Nikawahi. Nilikimbia mpaka kifua kikawaka. Nikaingia uani, waliobaki wote wapo, Nahodha ameshazungushia kamba pia yake nyekundu. Fundi bati akanyanyua mkono. "Haya, fungeni kamba!" Nikatoa kamba yangu mfukoni, nikaanza kuzungusha. Nikazungusha hewa.

Nahodha alikuwa wa kwanza kuona. "Pia yako iko wapi?"

Nikaendelea kuzungusha kamba.

"Nakuuliza, pia iko wapi?"

"Iko foleni," nikasema.

Rafiki yangu, walivyocheka! Mmoja alijilaza chini kabisa. "Pia inapanga foleni! Inataka sukari ya chai!" Fundi bati mwenyewe aligeuza uso. Kisha akasema, "Mwazimeni basi, tumalize."

"Hapana," Nahodha akasema, na kidole kikaenda ukutani. "Sheria katunga mwenyewe. Soma."

Nilisoma. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikaokota kipande cha tofali, nikakimbia tena. Mpango ulikuwa rahisi: naweka tofali, nachukua pia, narudi. Lakini nilipokata kona nikakuta hakuna mawe tena. Watu walikuwa wamesimama, kifua kwa mgongo. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Na mlango ukishafunguliwa, jiwe lilikuwa jiwe tu. Wanahesabiwa watu.

Yule mama aliniona kwa mbali. "Njoo upesi! Nimekusukuma kwa kidole cha mguu mpaka kucha inauma." Pia yangu ilikuwa mbele ya mguu wake, imejaa vumbi, iko mahali pangu sawasawa.

"Mama, nishikie kidogo tu..."

"Nikushikie na nini, mwanangu? Sasa ni kichwa kwa kichwa. Ukitoka, umetoka."

Nilisimama. Mkono wa kulia pia, wa kushoto tofali, kadi nimeibana kwa meno. Kutoka pale mpaka uwanjani ulikuwa mtaa mmoja tu. Niliangalia kule nilikotoka, na akilini nikamwona mama mdogo akifumba macho na kumeza. Nikasogea hatua moja mbele. Baadaye nikasikia wavulana wakishangilia, na sikuhitaji kuambiwa wanashangilia nini. Nikasogea hatua nyingine.

Walibaki watu watatu mbele yangu muuzaji alipotoa kichwa dirishani. "Sukari imekwisha. Ipo sabuni ya mche. Kila kadi mche mmoja."

Watu walilalamika. Mzee mmoja akasema, "Tumesimamia chai, tunapewa povu!" Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Yule mama akanisukuma begani. "Chukua. Ukisusa, hata hiyo huipati."

Nikaenda nyumbani na sabuni. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi! Nepi zimejaa beseni zima." Hakuuliza kwa nini uso wangu umevimba. Mama mdogo akanywa uji wake mweupe jioni ile, akatabasamu kama kawaida, na mimi kwa mara ya kwanza nikashindwa kumtabasamia.

Usidhani tulirudia. Nilimfuata Nahodha siku tatu mfululizo nikimwomba turushe mara moja tu, na mara zote alikuwa na sababu. Kabla wiki haijaisha upepo ukageuka, wote wakahamia kurusha tiara, na ukitaja pia unaonekana mshamba. Msimu uliofuata hakuna aliyeikumbuka ligi. Fundi bati alihamia Magomeni. Jirani wa vitumbua akaiuza nyumba yake baada ya miaka, ukuta ukabomolewa, sementi ile laini ikapasuliwa kwa sururu. Leo wanauza viatu juu yake. Bibi hayupo. Kamba ya katani sijui hata inauzwa wapi, na watoto wa mtaa ule, kama wapo, wanacheza ndani. Hakuna mtu ninayeweza kumshika mkono nikamwambia: hapa, unapokanyaga hapa, nilibakiza mchezo mmoja.

Ila jioni ile ya fainali, Bibi alipoingia kuswali, nilirudi kwa jirani. Uani palikuwa patupu. Duara langu bado lipo, limekanyagwa upande mmoja. Ukutani, pembeni ya jina la Nahodha, kumeandikwa BINGWA. Pembeni ya jina langu kuna neno moja, mwandiko wake mbaya: HAKUTOKEA.

Mimi niliyetwanga mchele. Mimi niliyefagia. Mimi niliyeleta hata maji waliyokunywa wakati wananingoja. Hakutokea.

Nilifunga kamba, nikarusha pia katikati ya duara. Ikayumba kidogo, ikasimama, ikalala. Niliiacha iimbe. Nikaenda kwetu kwa ncha za vidole, nikachukua mche wa sabuni juu ya mtungi, nikachovya kitambaa, nikarudi ukutani. BINGWA sikuligusa. Nilisugua lile neno langu tu, polepole, povu likawa jeusi likanichirizika mpaka kiwikoni, mpaka pakabaki doa la kijivu na jina langu peke yake. Kisha nikaipangusa sabuni kwa gauni, nikairudisha mahali pake, na upande uliolika nikaugeuzia ukutani.