Kiwanja cha Ukoko

Mwaka 1997, mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, niliingia maabara ya udongo mjini Tanga kwa mara ya kwanza. Nilikuwa mjane, na cheti cha kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni. Mkuu wa Maabara alinipa kipande cha udongo mkavu, cheusi kama ukoko wa wali, kilichotoka nyanda kavu za kaskazini mwa Maramba.

"Dondoshea maji ya mvua," alisema. "Hapa anayedondosha ndiye anayetangulia kutazama."

Kile cheusi kiligeuka kijani. Katika hadubini niliona nyuzi nyembamba zikipanda taratibu baina ya chembe za mchanga. Ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Wakati wa ukame hulala, na ute wao huushika mchanga usipeperuke. Tuliuita ukoko hai. Tangu siku ile niliuona kuwa wangu.

Mwaka 2004 akaja Mwanahamisi, mwenye stashahada. Akapewa hadubini mpya ya taa; mimi nikabaki na ile ya zamani, inayotegemea jua. Kila aliposema, "Laiti ungeona, dada Zuhura," moyo ulinichoma.

Mwaka 2006 ugeni ulitarajiwa kwenye kiwanja chetu cha majaribio huko nyandani. Wenyeji, kwa heshima ya wageni, waliamka alfajiri wakakifagia chote, kama ua wa nyumba yenye harusi. Ukoko ukaenda na ufagio.

"Tutausubiri urudi," Mkuu alisema hatimaye. "Utachukua miaka mingi. Bi Zuhura, utakuwa mwangalizi wa kiwanja. Mwanahamisi abaki na maabara."

"Dada umepewa ua," Mwanahamisi alininong'oneza garini. "Ufagio usinunue, upo."

Kila kiangazi nilikwenda na hadubini yangu ya jua, nikadondosha maji, nikaona mchanga mtupu. Mwaka 2015 tone langu liliacha doa la kijani. Mwanahamisi alipopata habari alikuja, akanyoosha mkono kutaka dropa, kile kibomba cha kudondoshea maji.

"Mwangalizi ndiye anayedondosha," nilimwambia.

Tangu hapo, kila alipokuja alisimama nyuma yangu, nami sikuharakisha.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza ni nini kilichonipa subira miaka yote ile. Huwajibu kuwa ni wivu. Nisingestahimili mtu mwingine auone ukirudi kabla yangu.

Tarehe 30 Juni 2023, siku ya kustaafu kwangu, tulikabidhiana rasmi, palepale kiwanjani. Mkuu mpya alisoma jina la mwangalizi anayenifuata, Mwanahamisi, nasi tukatia saini. Kwa mazoea nilikwisha kuijaza dropa maji.

"Dada," alisema kwa upole, akikinga kiganja.

Nikamwekea. Akadondosha, akapiga magoti, akainamia hadubini yangu. Nilisimama nyuma yake nikingoja zamu yangu, naye hakuharakisha.