Seva ya Kituo cha Maji

Darlene Vukelich hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Watu wa ofisi ya mji walizoea kusema, ukitaka kujua kitu kiko wapi, muulize Darlene. Yeye ndiye aliyetunza orodha ya vyombo vyote vya kompyuta vya ule mji mdogo wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota. Kila msimu wa majani kupukutika alizunguka jengo kwa jengo, akafungua vyumba vya seva, zile kompyuta kubwa zisizozimwa usiku wala mchana, akainama kusoma namba iliyobandikwa ubavuni, kisha akaandika: ipo, iko hapa, nimeiona.

Kituo cha maji kilikuwa nje ya mji, ng'ambo ya shimo la zamani la mgodi. Mwaka mmoja goti lilikuwa limemvimba. Alijua seva mpya ya kituo imenunuliwa, maana boksi lake alilipokea mwenyewe. Basi akaketi mezani, akaandika kwamba iko kituo cha maji, na mbele yake akaandika: nimeiona. Mwaka uliofuata goti lilikuwa limepona, lakini akanakili vilevile. Uongo ukishapata kiti, haupendi kusimama.

Asichokijua ni kwamba fundi aliyetumwa kuifunga aliipeleka maktaba, kwa kuwa ya maktaba ilikuwa imekufa wiki hiyohiyo na watu wanapiga kelele. Fundi akaahidi kurekebisha orodha. Kisha akapata kazi mji wa Duluth, akaenda zake.

Msimamizi wa kituo cha maji alikuwa Arvid Niskala, mzee mkimya mwenye mabega mapana, aliyewahi kuchimba chuma pamoja na baba yake Darlene. Katika mkutano wa bajeti alisimama, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Seva yangu inanguruma kama trekta," alisema. "Ikifa, sitajua tangi lipi limejaa na lipi limekauka. Naomba nyingine kabla ya baridi."

Mkuu wa ofisi, Todd Brekke, alipekua karatasi. "Lakini Mzee Arvid, wewe una mpya. Darlene, si ana mpya huyu?"

Macho yote yakamgeukia. Angeweza kusema, ngoja nikaangalie. Maneno yalikuwa ulimini kabisa.

"Anayo," alisema. "Niliiona."

"Kumbe Mzee unataka mbili," mtu mmoja akatania. "Moja ya kazi, moja ya kukupashia kahawa."

Wakacheka. Arvid alimtazama Darlene kidogo tu, kisha akaketi. Darlene akashughulika na kalamu yake.

Januari, seva ikafa. Kengele za matangi zikanyamaza, na Arvid akawa analizungukia kila tangi kwa gari lake kusoma kipimo kwa macho, katika baridi ya kupasua mawe. Kwenye tangi la kilimani vali ya kufungulia maji iliganda. Akaishika kwa glavu iliyolowa, akahangaika nayo mpaka ikalegea. Mji haukukosa maji hata siku moja. Lakini hospitali walimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, zilizokufa kwa baridi.

Brekke akamtuma Darlene kituoni akaandikishe kilichokufa. Alipokelewa na Jolene, msaidizi wa Arvid, aliyemfungulia chumba bila kumsalimu. Ndani kulikuwa na seva kuukuu, imefungwa waya ubavuni kushikilia feni ya nyumbani, ile ya kupepea watoto kiangazi.

"Hiyo ndiyo mpya yenu," Jolene alisema. "Hebu iangalie vizuri, wewe ulishaiona."

Darlene akapiga magoti asome namba. Hakuhitaji kuisoma. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, kwa sababu hakujua atainukaje amtazame yule mwanamke.

Seva mpya ilipopatikana maktaba, alimweleza Brekke yote. Brekke akakuna kidevu. "Andika tu kwamba ilihamishwa, ila taarifa zikachelewa. Hayo hutokea. Usijichimbie kaburi, Darlene."

Ulikuwa mlango wa kutokea, na alitamani sana kuupita. Badala yake siku ya Jumapili alioka mkate wa kuviringisha wenye kokwa za jozi ndani, kama mama yake alivyomfundisha, akaenda kwa Arvid. Mzee alifungua mwenyewe, mkono umefungwa bendeji.

"Ingia, binti Frank. Kahawa ipo."

Darlene akamwambia yote akiwa bado amesimama na koti lake. Arvid alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Miaka ile miwili hukukanyaga pale. Njia ni moja, na mimi nakaa dirishani."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Nikuite mwongo mbele za watu? Baba yako alinitoa chini ya mwamba. Nikadhani utasema mwenyewe. Nikangoja."

Darlene aliona heri angetukanwa. Aliuliza afanye nini.

"Mimi huna la kunifanyia. Lakini walinicheka pale ndani. Nenda kaseme palepale."

Akaenda. Katika mkutano wa Machi alisimama na kusema kwamba Arvid aliomba kwa haki, kwamba yeye hakuwa ameiona seva ile hata siku moja, na kwamba aliandika uongo mara mbili na kuusema mara ya tatu. Hakuna aliyemcheka. Aliyetania juu ya kahawa alikuwa anatazama viatu vyake. Arvid hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuvua samaki ziwani, juu ya barafu.

Walimnyang'anya orodha, wakampa dirisha la leseni za mbwa. Kazi hiyo anaifanya hadi leo. Wenzake wanamsalimu vizuri, lakini hakuna tena anayemuuliza kitu kiko wapi, na akitaja jambo, humwona msikilizaji akingoja kidogo kabla ya kukubali.

Majira ya kuchipua Arvid alifika dirishani kumkatia leseni mbwa wake. Alishika kalamu, ikamteleza. Akajaribu tena, ikamteleza tena.

"Nipe nikuandikie, Mzee," Darlene alisema.

Arvid akamsukumia fomu. Darlene akauliza jina la mbwa na umri wake, ingawa alimjua tangu mbwa huyo akiwa mdogo, akaandika. Kisha akasita.

"Rangi?"

"Kahawia," Arvid alisema. "Yuko nje kwenye gari."

Darlene akaweka kalamu chini, akavaa koti, akatoka kwenda kumwona mbwa kwanza.