Mpwa wangu ameshindwa kutaja jina lake

Jamani, leo nimezibwa mdomo na mtoto wa miaka sita.

Mimi! Niliyewaonyesha wazungu wa gesi pa kuchimba!

Dada yangu anapika kambini kwa hao wazungu, binti yake nakaa naye mimi hapa Palma. Leo nimempeleka kuandikishwa shule. Mkono kaupitisha juu ya kichwa, sikio kaligusa. Umri umefika.

Mwalimu akamwuliza, "Unaitwa nani, mwanangu?"

Nikadakia, "Mariamo!"

"Namwuliza yeye, mzee."

Mtoto akanitazama, kisha akamwambia mwalimu, "Mwulize mjomba. Mimi nakosea."

Kumbe nyumbani kila akisema neno namcheka, namalizia mwenyewe. Nikidhani namfundisha!

Mwalimu kasema, "Mrudishe akiweza kusema."

Tangu turudi nambembeleza ataje jina lake. Anautazama mdomo wangu tu, anasubiri niseme mimi.

Jioni mama yake atapiga simu. Nifanyeje?